Birika Lililopoteza Kifuniko

Kila Alhamisi baba aliing'oa betri ya gari lake
lisiloonja petroli tangu majani yaanguke,
akaipandisha ngazi hadi ghorofa ya saba,
maana lifti ya jengo letu pale Kutaisi
ilikuwa imelala usingizi wa pono.
Waya mbili nyuma ya televisheni,
cheche ikaruka, mama akapiga ishara ya msalaba,
na kioo kikafumbua jicho lake la kijivu.

Ndipo lilipotokea: birika
lenye miguu minne myembamba kama ya mwanambuzi,
likikimbia milimani kusaka kifuniko chake.
Ti-ti-ti, ti-ti-ti juu ya mawe.
Halikusema neno. Likihuzunika, lilitoa mvuke kidogo;
likikasirika, lilipiga mluzi,
nasi watoto tisa wa ngazi moja,
tumebanana kwenye zulia, makoti mwilini,
tukapiga mluzi pamoja nalo,
hata Mzevinari asiye na meno ya mbele.

Kipindi kilikuwa cha dakika ishirini.
Betri ilikuwa na pumzi ya dakika kumi na moja.

Picha ilianza kujikunja pembeni,
birika likawa dogo, likawa punje,
likawa nukta nyeupe katikati ya kioo,
halafu giza tititi
na harufu ya mafuta ya taa.
Hakuna aliyeinuka.
Tulimgeukia Otia, kaka yangu, miaka kumi na miwili:
"Haya, malizia."

Naye, mikono kwapani kwa baridi, akamalizia.
Alilitorosha birika kwa muuza vyuma chakavu.
Aliliozesha sufuria, wiki iliyofuata akalitalikisha
kwa sababu sufuria lilikuwa linakoroma.
Alilitibu kutu kwa machozi ya bata.
Mama, jikoni, aliacha kuosha vyombo
ili maji yasimzuie kusikia.

Juzi, na miaka yangu arobaini,
mwanangu kishalala, nimevikuta vipindi vyote kumi na tatu,
safi, vya rangi.
Birika ni jekundu!
Mimi niliapa ni la buluu, Mzevinari akaapa ni la kijani,
tukanuniana tangu Krismasi mpaka theluji ilipoyeyuka.
Nilitazama hadi usiku wa manane.
Muuza vyuma hayumo. Bata hayumo.
Na kifuniko? Kilikuwa chini ya kabati la jikoni
tangu siku ya kwanza.
Birika likakivaa, likacheka, majina yakapanda, basi.

Nilikaa mbele ya kioo kile king'aavu
kama mtu aliyerudishiwa deni
kwa pesa za nchi isiyokuwepo tena.

Nikampigia Otia. Yuko Thesalonike, anapakia marumaru.
"Birika gani?" akauliza.
Nyuma yake winchi ilikuwa inalia.
"Betri naikumbuka. Asidi yake ilinitoboa koti,
lile la kijivu, na hatukuwa na lingine."
Nikamwambia birika. Nikamwambia sufuria linalokoroma.
Akacheka kwa adabu, kama anavyocheka mgeni.
Nikamwambia ule usiku wa mwisho, betri ilipokata kamba
hata kabla ya dakika ya tano,
na birika limesimama porini, mvua inaanza.
Winchi ikanyamaza.
"Halafu?" akasema.
"Halafu ikawaje?"

Nikazima taa ya sebuleni.
Halafu, nikamwambia, likakiona kifuniko chini ya mlozi,
kimeinamishwa juu ya vijiti vitatu,
na chini yake panya na watoto wake sita,
wakavu, wamelala.
Birika likatazama.
Likaondoka kwa ncha za miguu,
ti, ti, ti,
kinywa wazi,
likikinga mvua.